Bosi wa muziki akikumbuka, nauli huwa anaisahau

Mi nina ugonjwa wa kusikiliza stori za mabosi wa muziki. Wale wenye lebo, mameneja, maprodyuza wa zamani, wakishazeeka au wakishagombana na wasanii wao wanakaa kwenye intavyu wanaanza kumwaga, fulani nilimkuta anauza maji, fulani nilimlipia kodi miezi sita, ile ngoma mnayoipenda kiitikio nilimpa mimi saa tisa usiku. Nazisikiliza barazani hapa Chikongola, Mtwara, bando likiisha naweka jingine, mke wangu kashanizoea.

Sasa ukizisikiliza nyingi unaanza kugundua zina kipande kimoja kinachojirudia. Bosi alikuwa kachoka siku hiyo, hataki kusikia demo nyingine, anataka kwenda kulala, mara sauti ikapita masikioni mwake, vinyweleo vikasimama, akajua palepale kwamba huyu ni staa. Yani kila bosi ana sikio. Sijawahi kumsikia hata mmoja anasema "yule kijana nilimchukua kwa sababu alikuwa anakaa karibu na studio", wakati ukifukua vizuri hizo stori hilo la ukaribu linakuwepo sana tu, ila linapitishwa haraka haraka kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa.

Chukua ile stori maarufu kuliko zote ya bosi aliyekosea. Tarehe 1 Januari 1962 vijana wa Beatles walikwenda kufanya majaribio kampuni ya Decca kule London. Walitoka Liverpool siku moja kabla, kwenye gari dogo, barabarani theluji, dereva akapotea njia, wakafika hoi. Wakarekodi nyimbo 15. Siku hiyohiyo Decca waliwasikiliza na kundi jingine, Brian Poole na Tremeloes wake, wa Dagenham, palepale pembeni ya London. Nafasi ilikuwa ya kundi moja, wakachukuliwa wa Dagenham. Bosi wa Decca, Dick Rowe, akaishi maisha yake yote na jina la "mtu aliyewakataa Beatles". Meneja wao Brian Epstein alisimulia kwamba waliambiwa makundi ya magitaa yamepitwa na wakati, Rowe akakana kuwahi kusema hivyo, na mpaka leo watu wanabishania hiyo sentensi ya magitaa. Mi hiyo sentensi hainiumizi kichwa. Kinachoniuma ni Dagenham, maana moja ya sababu zilizotajwa za kuwachagua wale wengine ni kwamba walikuwa jirani, kufanya nao kazi rahisi na gharama ndogo.

Basi. Kundi lililokuja kuwa kubwa kuliko yote duniani lilikwama kwa kitu ambacho mtu yeyote wa Mtwara au Lindi anakijua bila kusoma popote. Na Liverpool mpaka London ni kama kilomita 350 tu, yani hata Lindi mjini mpaka Dar haifiki, acha Mtwara ambayo ni zaidi ya 550.

Kuna neno letu moja kwenye muziki wa Bongo nalipenda sana kulitafakari, "kutoka". Msanii akifanikiwa tunasema katoka, aliyemsaidia anasema mi ndo nimemtoa. Kwa kijana wa Sinza au Temeke hilo neno ni lugha ya picha tu, katoka kwenye giza kaingia kwenye mwanga. Kwa kijana wa Tandahimba au Nachingwea kutoka ni kutoka kweli, na begi, na basi la alfajiri, na samaki wa kukaanga pale Somanga kama una hela, kama huna unaangalia wenzio wanavyokula. Bosi anaposema nimemtoa anahesabu kuanzia siku kijana alipofika mlangoni kwake, na kabla ya hapo kwake yeye hakuna kitu kilichotokea.

Nimekua Masasi, na bosi wa kwanza wa muziki niliyemjua alikuwa mjomba. Huku kwetu kila mtu ni mjomba, najua, ila huyu ni mjomba kweli, kaka wa mama. Alikuwa na banda la kanda karibu na stendi kuanzia mwisho wa miaka ya 90, mbao, mabati, rafu tatu, na spika moja nje kubwa kuliko uwezo wa amplifaya yake. Mtu atasema huyo ni muuza kanda tu, bosi wapi. Lakini nyie fikirieni, kipindi kile wimbo kuwa mkubwa Dar hakukumaanisha kwamba utasikika Masasi, lazima kuna mtu aende Kariakoo, afungue pochi, aamue anunue kanda za nani na za nani aziache. Huyo mtu ndo alikuwa lebo, redio na gazeti letu kwa pamoja. Asipokununua wewe Masasi haupo.

Na kwenda Kariakoo ilikuwa safari. Kabla daraja la Mkapa pale Rufiji halijafunguliwa 2003 watu walikuwa wanavuka kwa kivuko, na masika ikikolea kipande cha Ndundu mpaka Somanga kilikuwa tope la kumeza magari, watu wanalala njiani siku mbili, siku tatu, wanapika porini. Mjomba anasema kuna mara alirudi na boksi la kanda zimeingia maji nusu, akazianika juani kama udaga. Kwa hiyo ngoma iliyopasua Dar mwezi wa tatu sisi tunaipata wa sita, tunaipenda kwa moyo wote wakati wenyewe walishaichoka. Nilikuja kugundua nikiwa mkubwa, nilipofika Dar nikaanza kuimba kwa sauti kitu ambacho kila mtu alinitazama kama mgeni.

Sasa mbinu yake ya kupima wimbo ndo ilikuwa inanifurahisha. Akija na kanda mpya anaiweka asubuhi mapema watu wakipita kwenda sokoni, yeye anakaa anajifanya anafuta vumbi. Hakuwa anawaangalia vijana kabisa, alikuwa anasema vijana wanapenda kila kitu na hawana hela. Alikuwa anawatega wamama wa mihogo. Mama wa muhogo akisimama akatua ungo akauliza "huyo nani anaimba?", mjomba siku hiyohiyo anatuma hela Dar za kuongeza mzigo.

Miaka mingi baadaye nikaja kujua kwamba Berry Gordy, yule bosi wa Motown kule Detroit, aliyeanza 1959 na mkopo wa dola 800 wa familia yake, alikuwa na kikao kila Ijumaa cha kupima nyimbo, na swali lake lilikuwa la aina ileile, kwamba ungekuwa na dola moja tu mfukoni na una njaa, ungenunua hii sahani au ungenunua mkate wenye nyama? Nikacheka mwenyewe. Mtu wa Detroit aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha magari na mtu wa Masasi mwenye rafu tatu wamefika sehemu moja, kwamba wimbo unashindana na chakula.

Ila hata kipimo kizuri kinapigwa chenga. Gordy huyohuyo 1970 aliletewa na Marvin Gaye wimbo wa What's Going On akaukataa, hakuuona kama una biashara, na Marvin akagoma kurekodi kitu kingine mpaka utoke. Ukatolewa Januari 1971 na watu wa ofisini bila baraka za bosi, ukauza kama maandazi ya moto. Kinachonifanya nimheshimu Gordy ni kwamba alikuja kukiri hadharani alikosea. Mabosi wengi hawana hiyo.

Mjomba kwa mfano hana. Rap ya Kiswahili ilipoanza kushika kasi, mwanzoni mwa 2000, alirudi kutoka Dar na dansi, taarab, kwaya na Wakongo, nikamuuliza mbona hujaleta zile za akina fulani, akasema wale ni watoto wanaongea haraka haraka, nani atoe hela yake kulipia mtu kuongea. Nilikuwepo, boksi nilibeba mimi. Mwaka mmoja baadaye banda zima ni Bongo Fleva. Sasa kaa naye leo umuulize, atakwambia kwa macho makavu kwamba yeye ndo mtu wa kwanza kuleta Bongo Fleva Masasi, na atakuelezea mpaka siku yenyewe na mvua iliyokuwa inanyesha. Juzi nikamwambia mjomba, ulikataa. Akaniangalia akasema, "Sikukataa, mjomba, nilikuwa naipima."

Hapo ndo nikaelewa hizi kumbukumbu za mabosi zinafanyaje kazi. Mzee wangu hadanganyi, yeye kweli anaamini. Kila mwaka unaopita wimbo unazidi kuwa mkubwa na yeye anazidi kusogea karibu na chanzo chake, na nyimbo alizozipita zikafa kwa kukosa rafu hakuna anayezikumbuka, kwa hiyo hakuna wa kumbishia. Bosi anahesabu zile zilizotoka tu. Hizo nyingine ziko kwa wenyewe, Ruangwa huko, Nanyumbu, mtu analima korosho ana wimbo wake kichwani.

Halafu kuna kitu kingine kilichokuwa chini ya rafu, nacho hakimo kwenye stori zake za mvua. Dabo deki, mashine ya kunakili kanda. Kanda moja halisi kutoka Kariakoo ilikuwa inazaa watoto arobaini usiku mmoja. Msanii aliyeimba alilipwa kwa moja. Nikimgusia hapo anasema bila hivyo huyo msanii asingejulikana Masasi kabisa, na kusema ukweli hoja yake ina uzito, wakija kufanya shoo uwanja wa Boma watu walijaa kwa sababu ya kanda zetu za wizi. Ila hoja hiyo ndo hoja ya kila aliyewahi kushika mlango duniani, nimekujulisha kwa hiyo tusihesabiane.

Kule Afrika Kusini Solomon Linda alirekodi Mbube 1939 kwenye studio ya Gallo, haki zake zikaenda kwa shilingi 10. Mwenyewe alikuwa ni mfanyakazi wa kampuni hiyohiyo, anapaki sahani kwenye maboksi. Wimbo ukazunguka dunia kwa majina mengine, yeye akafa 1962 hana kitu, familia yake ikaja kufikia makubaliano ya malipo 2006, miaka 44 baada ya mzee kuzikwa. Na hapa jirani, wanamuziki wetu wa dansi walikuwa wanarekodi Radio Tanzania, lakini kiwanda cha kutengeneza sahani hatukuwa nacho, mpaka Kenya. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro kwa sahani zake alikuwa anategemea Nairobi, na Januari 1979 amekufa kwa ajali ya gari huko Kenya, karibu na Mombasa, yuko kazini. Ukiangalia vizuri muziki wetu wa zamani ni hadithi ya kusafiri kufuata mashine. Mwenye mashine ndo baadaye anakuwa na kumbukumbu.

Na hit kubwa kuliko zote kuwahi kutoka Mtwara mnaijua? Sindimba. Bisheni. Imechezwa shule za msingi nchi nzima, imechezwa na kikundi cha taifa mbele ya wageni wa serikali, mtoto wa Bukoba ambaye hajawahi kuiona korosho mtini anajua kukata kiuno cha Kimakonde. Haina lebo, haina meneja, hakuna mzee anayekaa kwenye intavyu kusema sindimba niliitoa mimi. Sijawahi kusikia kijiji kilicholetewa hata mfuko wa saruji kwa ajili yake. Yani ngoma inaweza kufika kila mahali bila bosi, ila ikifika hivyo hela nayo inafika kila mahali isipokuwa ilikotoka.

Twende kwa Harmonize maana nikimuacha mtanitukana. Mtoto wa Mtwara, kaenda Dar akahangaika, kaenda usaili wa BSS, yale mashindano ya kuimba ya Bongo Star Search, majaji wakamkataa, 2015 kachukuliwa na WCB, yani Wasafi, lebo ya Diamond, Aiyola ikatoka, 2018 Kwangwaru ikapasua anga, 2019 kaondoka kaanzisha lebo yake na kuipa jina la Konde, jina ambalo sisi wengine tulikuwa tunataniwa nalo shuleni. Baadaye alisema mwenyewe hadharani kwamba kujitoa kwenye mkataba alitakiwa alipe Sh milioni 500. Nikachukua kalamu. Bei ambayo serikali ilinunulia korosho msimu wa 2018 ilikuwa Sh 3,300 kwa kilo, kwa hiyo milioni 500 ni kama tani 150 za korosho. Nendeni ghala la chama cha msingi mkaangalie tani 150 zinakaaje.

Nitakuwa muungwana hapa. Lebo iliweka hela kabla hajajulikana, video ni hela, safari ni hela, jina la Diamond kwenye wimbo wako lina thamani isiyopimika, na karatasi alisaini. Chris Blackwell wa lebo ya Island aliwapa akina Bob Marley pauni 4,000 mwaka 1972, walikuwa wamekwama London wakaingia ofisini kwake, watu wakamwambia hizo hela zimeenda, na wao wakaenda Jamaica wakarudi na albamu kweli. Bosi anayetoa hela kwa watu ambao hawana kitu anabeba hatari, huo ni ukweli na anastahili faida yake. Lakini hata hapo, oneni, walikuwa wameshafika London. Wangekuwa Kingston wanasubiri mtu aje na pauni 4,000 wangesubiri sana.

Mimi ugomvi wangu ni na hesabu inavyoanza. Ungemuuliza bosi yeyote amewekeza shilingi ngapi kwa msanii wa kutoka kusini atakutajia mpaka hela ya soksi. Muulize msanii aliwekeza nini kabla ya hapo, nauli, miaka ya kulala kwa mtu, biashara ya kutembeza juani, mama aliyeuza gunia kumtumia, hiyo haina mstari kwenye mkataba. Gharama za huku zimeandikwa kwenye kichwa cha mama yake tu.

Mabosi nao njia ya huku wanaijua vizuri, ikifika msimu. Novemba 2018 Wasafi Festival, tamasha la akina Diamond, ilianzia hapahapa Mtwara, uwanja wa Nangwanda Sijaona, mwezi ambao kwa kawaida ndo minada ya korosho imekolea. Mwaka ule kwa bahati mbaya ndo ulikuwa mwaka wa mvutano wa bei, jeshi likaingia kubeba korosho, wakulima wengi wakakaa na uhakiki wakisubiri hela zao, lakini watu walikwenda uwanjani hivyohivyo, Mmakonde kwenye ngoma humzuii. Kuanzia Oktoba mpaka Januari ukikaa stendi ya Masasi, Newala au Tandahimba unawaona, mabango, magari ya matangazo. Februari kimya. Sijawahi kuona bosi kaja mwezi wa nne, mvua inanyesha, kusikiliza demo.

Watu wataniambia mjomba hizo ni stori za kanda, siku hizi kuna YouTube, umbali umekufa. Umekufa nusu. Kijana wa Nanyamba anarekodi kwenye chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani, anapandisha wimbo usiku bando likiwa rahisi, kweli hakuna tope la Ndundu. Lakini nyimbo zinazopanda usiku huo huo nchi nzima ni nyingi kama mchanga, na za kwake lazima mtu mwenye redio au ukurasa mkubwa Dar aziguse, na huyo mtu anataka "hela ya maji". Kwa hiyo wajanja wa huku wamerudi kwenye mlango wa nyumbani. Likizo ya Desemba sherehe za jando na unyago zikianza, mwenye spika na jenereta ndo bosi. Akiupiga wimbo wako mara tatu usiku mmoja, wiki ijayo watoto wanauimba kisimani. Nimeongea na kijana mmoja aliyemlipa DJ kilo nne za korosho zilizobanguliwa ili wimbo wake upigwe wali unapopakuliwa, kwa sababu saa hiyo kila mtu yupo na hakuna anayeondoka. Huyo kijana anaelewa muziki kuliko wachambuzi wengi nikiwemo mimi, na yule DJ miaka ishirini ijayo atakaa kwenye intavyu aseme nilisikia sauti, vinyweleo vikasimama. Zile kilo nne hatazitaja.

Mwezi uliopita nilikwenda Masasi kumuona mjomba. Banda halipo, pale sasa ni wakala wa kutoa hela, ila maboksi kayahifadhi chumbani chini ya kitanda. Akanionyesha kanda moja haina karatasi, imeandikwa kwa peni na maandishi yamefutika, ni kikundi cha ngoma cha Newala walikuja bandani kwake wakaimba mbele ya maikrofoni moja, yeye akarekodi, akaiuza mpaka Tunduru. Ndo nakala pekee iliyobaki. Binti wa aliyekuwa anaongoza kuimba kashamfuata mara mbili, baba yake kafariki na hana sauti yake popote, anataka tu aisikie. Nikamuuliza mjomba kwa nini hujampa. Akasema anafikiria ampe kwa shilingi ngapi.

Nikamwambia mjomba, nyimbo si za baba yake?

"Baba yake mi ndo nilimtoa," akasema, akaipuliza vumbi.

Nikamuuliza siku ile waliposhuka kutoka Newala watu tisa na ngoma zao kuja kurekodi, nauli alitoa nani. Mjomba akarudisha kanda kwenye boksi, akasukuma boksi chini ya kitanda, akauliza kama kahawa imeshaiva.